Amri ya Boma na Shauri la Kijiji: Habari za Hifadhi ya Ardhi katika Iramba na Nchi Jirani

Msafiri atokaye Singida kwenda Nzega kwa barabara kuu hufika Misigiri kabla ya kuteremka mlima wa Sekenke. Hapo njia hugawanyika. Barabara kuu huendelea upande wa magharibi, ikashuka ukingo wa bonde na kuingia mbuga ya Wembere. Njia nyingine huchepuka kwenda Kiomboi, yaliko makao makuu ya Wilaya ya Iramba. Malori yaendayo Rwanda na Burundi hupita hapo usiku na mchana. Mji wenyewe si mkubwa, wala vitabu vya historia havikuutaja sana. Lakini mahali pake ni mfano mwema wa jambo linalochunguzwa hapa: panapokutana mamlaka ya nchi nzima na mamlaka ya wenyeji, ni nani aamuaye, na ni nani abebaye mzigo?

Siku hizi swali hilo huulizwa kwa jina la mabadiliko ya tabianchi. Watu wa uwanda wa Iramba wameliishi kwa zaidi ya miaka mia moja kwa majina mengine: hifadhi ya misitu, vita dhidi ya mbung'o, kuzuia mmomonyoko wa udongo, kupunguza mifugo. Majina yamebadilika mara nyingi, hoja haikubadilika.

Kwanza yafaa kuijua nchi yenyewe. Mkoa wa Singida una msimu mmoja tu wa mvua, uanzao Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Mvua ya mwaka mzima kwa kawaida ni baina ya milimita 500 na 800, na mwaka haufanani na mwaka. Katika nchi ya namna hii si wingi wa mvua tu uleao au kuua mazao, bali pia majira yake: mvua ikikatika kwa wiki tatu mahindi yanapotoa mbelewele, hata ikirudi kwa nguvu haitarudisha kilichopotea. Ndiyo sababu wazee wa Kinyiramba na wa Kinyaturu walitegemea uwele na mtama, wakaweka akiba ya chakula ghalani na akiba ya mali katika ng'ombe. Mti kwao haukuwa pambo. Ulikuwa dawa, asali, mwimo wa nyumba, kivuli cha mifugo na kizuizi cha maji yatiririkayo mlimani. Walikuwa na taratibu zao za kuamua ni pori gani liachwe, na ni nani aruhusiwe kukata.

Wadachi walipoitawala nchi waliweka boma Mkalama, upande wa mashariki ya uwanda huo. Utawala wao ulikuwa wa amri. Mwaka 1904 serikali yao ilitoa sheria ya kuhifadhi misitu katika koloni zima, na kwa sheria hiyo pori lililokuwa la ukoo au la kijiji liliweza kugeuzwa kuwa mali ya serikali. Mwaka 1909 dhahabu iligunduliwa Sekenke, chini ya ukingo uleule ambao malori ya leo huushuka baada ya kupita Misigiri. Na vita vilipowabana Wadachi, dhahabu ya Sekenke ilipelekwa Tabora ikafuliwa sarafu za rupia 15 mwaka 1916. Kabla ya vita hivyo walikuwa wamefikiria jambo kubwa zaidi: kuyaleta maji ya Ziwa Viktoria katika mbuga ya Wembere ili walime pamba. Mpango huo haukutimizwa. Hata hivyo wastahili kukumbukwa, kwa kuwa ndio wa kwanza katika mlolongo mrefu wa mipango iliyoitazama Wembere kutoka mbali, ikaona ardhi na maji, isiwaone watu waliokuwa wakichunga humo wakati wa kiangazi.

Waingereza waliingia kwa njia nyingine. Gavana Donald Cameron alipotoa Sheria ya Serikali za Wenyeji ya mwaka 1926, watemi walipewa mabaraza, hazina na uwezo wa kutoa amri ndogondogo. Kwa maandishi, huo ulikuwa mwanzo wa ushirikiano baina ya Serikali Kuu na mamlaka za mahali. Kwa matendo, mtemi aliwekwa kati ya nyundo na fuawe. Bwana Shauri akitaka kila mwenye kaya apande mihogo ya kukinga njaa, au akate vichaka vya mbung'o, au alime matuta, amri ilitoka kinywani mwa mtemi. Na lawama ilimrudia mtemi. Si amri zote zilikuwa mbaya. Mihogo iliwaokoa watu wengi katika miaka ya ukame. Lakini amri njema isiyokuwa na shauri huonekana kuwa kodi tu, na mtu huilipa kwa siku anazosimamiwa.

Ushahidi mkubwa wa jambo hilo ulipatikana mbali na Singida, katika milima ya Uluguru. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi katika mashamba yao ya mlimani. Wataalamu waliona mmomonyoko, nao mmomonyoko ulikuwapo kweli. Ila hawakuwauliza wenye mashamba kama udongo ule ungestahimili kufukuliwa, wala kama mazao yangeongezeka. Mwaka 1955 watu walikataa, ghasia zikatokea, na mpango ukaachwa. Chama cha TANU kilipata wafuasi wengi kwa malalamiko ya namna hiyo. Hivyo hifadhi ya ardhi, ambayo ni jambo la heri, iliingia katika fikira za wananchi wengi ikiwa imevaa kanzu ya mkoloni. Taifa huru lilirithi deni hilo.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, ilidhaniwa kwamba tofauti baina ya boma na kijiji ingekwisha yenyewe, kwa kuwa sasa wote ni wamoja. Mwaka 1963 utawala wa watemi uliondolewa, na halmashauri za wilaya zikashika mahali pao. Mwaka huohuo Singida ikawa mkoa. Lakini halmashauri hazikuishi muda mrefu. Mwaka 1972 ulikuja mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Jina lake lilisema kwamba madaraka yanashushwa chini. Kilichoshuka hasa ni watumishi wa Serikali Kuu. Halmashauri za wilaya zilizochaguliwa na wananchi zilivunjwa, na kazi zao zikashikwa na wakurugenzi walioteuliwa. Hazikurudi mpaka Sheria Namba 7 ya mwaka 1982 ilipotungwa, zikaanza kazi upya mwaka 1984. Kwa muda wa miaka kumi na miwili, basi, mwananchi wa Iramba hakuwa na baraza la wilaya ambalo angeweza kulichagua na kulihoji.

Ndani ya miaka hiyohiyo kulitokea jambo lenye sura mbili. Operesheni ya kuhamia vijijini, iliyoshika kasi kuanzia 1974, iliwakusanya watu mahali pamoja. Mashamba ya karibu yalilimwa bila kupumzishwa, kuni za karibu zikaisha, na mapori yaliyokuwa yakilindwa na kaya moja moja yakabaki bila mlinzi. Hiyo ni sura ya kwanza. Ya pili ni kwamba Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975 ilikipa kijiji serikali yake inayotambuliwa kisheria. Waliotunga sheria hiyo walikuwa wakifikiria uzalishaji mali wa kijamaa. Hawakuwa wakifikiria misitu. Lakini miaka ishirini baadaye chombo hicho ndicho kilichowawezesha wanavijiji kusimama mbele ya serikali na kudai pori lao.

Mtu akisimama Misigiri na kuelekeza mawazo yake pande tatu, ataona namna tatu ambazo Serikali na wenyeji walizijaribu baada ya hapo.

Upande wa mashariki, kuvuka mpaka wa mkoa, iko Kondoa. Huko makorongo yalikuwa yamekata vilima vya Irangi kiasi cha kumtisha mgeni. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliofahamika kwa jina la HADO, kwa msaada wa Uswidi. Mwaka 1979 ikaamuliwa kwamba mifugo yote, yapata 90,000, iondolewe katika eneo la kilometa za mraba 1,256. Amri ilitekelezwa. Majani yaliota, miti ikarudi, na makorongo mengi yakatulia. Mwenye kusema kwamba amri ya juu haiwezi kufanya lolote, Kondoa yamkanusha. Ila lazima itazamwe gharama yake. Ng'ombe hawakuyeyuka, walihamia kwa majirani, na uzito wao ukakanyaga ardhi nyingine. Kaya zilikosa maziwa na samadi. Wenye mifugo waliona kilima kinapona, lakini hakikuponea mikononi mwao. Na kila ulinzi ulipolegea, mifugo ilirudi kwa siri. Uponyaji wa namna hiyo huhitaji askari daima.

Upande wa magharibi, ng'ambo ya Wembere, iko Shinyanga. Nchi ile ilipoteza miti yake kwa mkono wa serikali kwanza, ilipofyekwa tangu miaka ya 1920 ili kuwafukuza mbung'o, kisha kwa pamba, mifugo na uhamisho wa vijiji. Mwalimu Julius Nyerere aliuona ukame wa nchi hiyo, na mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Mwanzoni maofisa walipeleka miche ya miti ya kigeni, na mingi haikupendwa. Ndipo walipowasikiliza Wasukuma, ambao tangu zamani walikuwa na desturi ya ngitili: kufunga sehemu ya malisho wakati wa masika ili majani na vichipukizi vikue, na kuifungua wakati wa kiangazi. Serikali haikubuni ngitili. Ilikubali kuitambua, ikatoa wataalamu na ulinzi wa sheria, na kuyaachia mabaraza ya kimila, yaitwayo dagashida, yatoze faini kwa mvunjaji. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 hivi. Kufikia mwaka 2004 zilizidi hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 mradi huo ulipata tuzo ya kimataifa ya Ikweta. Tofauti ya Kondoa na Shinyanga haikuwa katika fedha wala katika elimu ya wataalamu. Ilikuwa katika jambo moja: huko Shinyanga uamuzi na jasho vilikaa katika mikono ileile.

Mfano wa tatu u ndani ya Singida yenyewe, kaskazini-mashariki ya mji wa mkoa, katika msitu wa Mgori. Ni msitu wa miombo wa zaidi ya hekta 40,000, uliozungukwa na vijiji vitano. Mapema katika miaka ya 1990 Serikali ilikusudia kuutangaza kuwa hifadhi yake. Wanavijiji waliposikia walihofu kufukuzwa. Na hofu ya namna hiyo huharakisha panga, kwa kuwa mtu hukimbilia kukata leo anachodhani atanyimwa kesho. Wakati huohuo Serikali haikuwa na askari wa misitu wa kutosha kulinda hata sehemu ndogo ya pori lile. Baada ya mazungumzo marefu, ambayo mtaalamu wa mambo ya ardhi Liz Wily aliyasaidia, Serikali iliacha shauri lake la kwanza. Kufikia mwaka 1995 kila kijiji kilikuwa na sehemu yake ya msitu, kikateua walinzi kutoka miongoni mwa vijana wake, kikatunga sheria ndogo, na Halmashauri ya Wilaya ikaziidhinisha. Duru-Haitemba, katika Wilaya ya Babati, walikuwa wamekwisha kutangulia katika njia hiyo.

Hapa ndipo panapofaa kutulia na kuuliza nani alimpa nani nini. Kijiji kilitoa kitu ambacho Serikali Kuu haina hata ikiwa tajiri: macho mengi, yajuayo kila njia ya msituni na kila uso mgeni. Halmashauri ya Wilaya ilitoa kitu ambacho kijiji hakina: idhini inayoifanya faini ya kijiji iwe halali mbele ya hakimu. Serikali Kuu nayo ilitoa kilichokuwa kigumu kuliko vyote, yaani kujizuia kutwaa. Wala yasifikiriwe kuwa mambo yalikuwa mepesi. Mpasuaji mbao mwenye lori na mtaji si mtu wa kukimbizwa na vijana wa doria wenye marungu. Akikamatwa na kijiji, akaachwa na mkubwa mmoja mjini, kazi ya mwaka mzima huharibika kwa siku moja. Kijiji chaweza kulinda msitu dhidi ya jirani. Dhidi ya mwenye nguvu kutoka nje, lazima kipate mgongo wa Serikali.

Mafundisho ya Mgori na Duru-Haitemba hayakubaki porini. Sera ya Misitu ya mwaka 1998 iliyakubali. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikakipa kijiji usimamizi wa ardhi yake. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikauweka msitu wa hifadhi ya kijiji katika kitabu. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ikaagiza kamati za mazingira toka wilayani mpaka kijijini. Ni mara chache katika historia ya nchi hii vijiji kuwa walimu wa Bunge, na jambo hilo halikusimuliwa vya kutosha.

Sambamba na hayo, dunia ilikuwa imeanza kuzungumza habari za joto la anga. Tanzania iliridhia Mkataba wa Mabadiliko ya Tabianchi mwaka 1996 na Makubaliano ya Paris mwaka 2018. Mkakati wa Taifa ulitolewa mwaka 2012. Na mwaka 2021 Serikali iliahidi kupunguza hewa chafu kwa asilimia 30 mpaka 35 ifikapo 2030, ikilinganishwa na hali ambayo ingekuwapo pasipo jitihada. Ahadi hizo hutiwa sahihi katika miji mikubwa ya dunia na Serikali Kuu. Lakini mti upandwao ili kutimiza ahadi hupandwa katika shamba la mtu, na mkaa usiochomwa huachwa na mchomaji mwenye watoto wa kulisha. Mkulima wa Iramba hakuliharibu anga. Viwanda vya nchi tajiri ndivyo vilivyoliharibu zaidi. Hata hivyo yeye ndiye wa kwanza kuhesabu hasara mvua inapochelewa.

Mfano wa miti watosha kuonyesha palipo na kasoro. Serikali iliagiza kila halmashauri ipande miti 1,500,000 kwa mwaka. Hesabu hiyo ni rahisi kuandikwa katika taarifa, maana mche ukishatiwa shimoni umekwisha kuhesabiwa. Tena Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni tarehe 1 Aprili. Katika mikoa yenye masika ya Machi hadi Mei siku hiyo ni njema. Katika Singida mvua zinakaribia kwisha, na mche upandwao siku hiyo hukutana na miezi saba ya jua kabla mizizi yake haijashika. Bibi kizee wa Iramba angeliweza kusema hivyo kama angeliulizwa. Ndiyo sababu yafaa kila mkoa upande kwa mvua yake wenyewe, na halmashauri ipimwe kwa miti iliyo hai baada ya miaka mitatu, si kwa mashimo yaliyochimbwa. Na mara nyingine kazi bora si kupanda kabisa, bali kulinda visiki vichipue, kama ngitili zilivyofundisha.

Kasoro ya pili ni kwamba mamlaka zenyewe zimegawanyika. Tangu mwaka 2010 kuna Wakala wa Huduma za Misitu, ulio chini ya wizara. Na kuna ofisa misitu wa wilaya, aliye chini ya halmashauri. Gunia moja la mkaa kando ya barabara kuu laweza kuwa na mabwana wawili, na mwenye mabwana wawili hupata nafasi ya kuwakwepa wote wawili. Mwaka 2024 ulitangazwa mkakati wa kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ni shabaha njema. Lakini mkaa hautakoma barabarani kwa tangazo. Utakoma pale mtungi wa gesi utakapopatikana vijijini kwa bei ya mtu wa kijijini, na mchomaji atakapopata kazi nyingine.

Kasoro ya tatu ni fedha. Kenya walianza kuijaribu dawa yake katika Isiolo, kisha Wajir, Makueni, Garissa na Kitui: kaunti ziliweka mfuko wa tabianchi, na kamati za kata zilizochaguliwa na wananchi zikaamua fedha zitengeneze nini, liwe bwawa, kisima au uzio wa malisho. Tanzania nayo ilijaribu njia ya namna hiyo katika wilaya za wafugaji za Longido, Monduli na Ngorongoro. Majaribio hayo yalionyesha kwamba wafugaji wakiachiwa kuamua huchagua mambo ya maji na malisho yatumikayo na wote, wala hawagawani fedha kama ilivyohofiwa. Lakini jaribio si desturi. Halmashauri nyingi bado hungoja fedha kutoka juu zikiwa zimekwisha kupangiwa kazi, na kijiji hungoja halmashauri.

Historia hii yote, toka boma la Mkalama mpaka kamati za Longido, yafundisha jambo moja lisilo gumu kuelezwa, ingawa ni gumu kutendwa. Serikali ilipochukua uamuzi na kuwaachia wenyeji jasho, kazi ilidumu kadiri askari alivyodumu. Wenyeji walipoachiwa ulinzi bila sheria wala mgongo, walishindwa na wenye nguvu. Pale kila upande ulipobeba kile ambacho mwenzake hawezi kukibeba, ardhi ilipona. Mkono mmoja haulei mwana, walisema wahenga. Lakini mikono miwili nayo humwangusha mwana ikiwa kila mmoja wadhani mwenzake ndiye aliyemshika.

Kule Misigiri barabara kuu na njia ya Kiomboi bado zinakutana. Magharibi yake Wembere hungoja mvua kila Novemba, na mwaka hata mwaka haijulikani zitakuja lini. Hilo haliwezi kuamuliwa Dodoma wala Kiomboi. Ila kitakachokutwa na mvua hizo zitakapofika, kilima chenye majani au kilima kitupu, kimo katika uwezo wa wanadamu, nao wamekwisha kuonyeshwa na jirani zao jinsi ya kukitenda.